Asali ya Tende Chini ya Mlima Meru

Mwezi wa Machi 2024, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani wa 1445 Hijria, tulifunga safari kutoka Tanga kwenda Arusha. Nia yetu ilikuwa kumzuru shangazi yetu aliyeolewa huko miaka mingi iliyopita, wala hatukukusudia kuandika habari yoyote. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Yale tuliyoyaona katika jiko la shangazi yetu tumeona si haki kuyaficha, kwani yanahusu nyumba nyingi za Waislamu, na hasa nyumba zenye watoto wadogo.

Siku hizo sukari ilikuwa adimu. Mvua nyingi za El Niño zilikuwa zimezuia uvunaji wa miwa na kuchelewesha kazi za viwanda, na bei ilikuwa imepanda hata kupita shilingi 4,000 kwa kilo katika sehemu nyingi za nchi. Tangu Korogwe mpaka Same, mazungumzo ndani ya basi yalikuwa hayo hayo. Tulipokaribia Moshi, mzee mmoja alinyosha mkono kuelekea kusini, yaliko mashamba makubwa ya miwa ya Arusha Chini, akasema, "Miwa ile kule, na sukari hatuioni." Abiria wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu, maana kila mmoja alikuwa akiufikiria uji wa futari utakavyokuwa.

Baada ya Boma Ng'ombe njia hushuka katika uwanda mkavu wenye upepo na vumbi. Kisha, ghafula, msafiri huingia katika nchi nyingine kabisa: migomba imesongamana kando ya barabara, mifereji ya maji yapita baina ya mashamba ya kahawa na mahindi, na mbele yake umesimama Mlima Meru. Mlima huu una kimo cha mita 4,566, nao ni wa pili kwa urefu katika Tanzania. Zamani ulikuwa mlima wa moto mkali, na ubavu wake wa mashariki ulibomoka kwa nguvu za ajabu. Mara ya mwisho ulitoa moto kidogo mwaka 1910. Majivu yake ndiyo yaliyoifanya ardhi ile kuwa na rutuba. Baadaye tutaeleza kwamba mlima huo huo uliacha na kitu kingine ndani ya ardhi, kisichoonekana kwa macho.

Kabla ya kufika Usa River tulipita mahali paitwapo Maji ya Chai, ndipo anapokaa shangazi yetu. Jina hilo lilitokana na mto upitao hapo, ambao maji yake yana rangi kama ya chai. Hatukuteremka siku hiyo, kwani tulitaka kwanza kufika mjini kusali Ijumaa na kununua zawadi. Hairuhusu desturi kwenda kwa shangazi mikono mitupu, tena Ramadhani ikiwa mlangoni.

Tende katika Soko Kuu

Mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sisi watu wa pwani tuliona baridi tangu alfajiri. Baada ya sala tulikwenda Soko Kuu. Karoti, kabichi, viazi na ndizi za kila namna zilikuwa zimepangwa kwa unadhifu, lakini macho ya watu siku ile yalikuwa kwenye tende. Palikuwa na tende za katoni, laini na nyeusi, zenye kung'aa; palikuwa na tende nyepesi za rangi ya kaharabu, zilizokauka hata zagonga zikidondoshwa; na palikuwa na zile zilizoshindiliwa pamoja zikawa kama tofali, ambazo muuzaji huzikata kwa kisu na kuzipima kwa mizani. Hizi za mwisho ndizo za bei nafuu, na ndizo tulizoambiwa kuwa zafaa kupikia. Tulinunua kilo mbili.

Tulipokuwa tukingoja chenji tulifikiri jinsi tunda hili lilivyo mgeni aliyezoeleka. Mtende hauzai vema penye mvua nyingi. Wataka jua kali juu na maji chini. Kwa hiyo tangu karne nyingi tende zililetwa pwani yetu na majahazi ya Sur, ya Kuwait na ya Basra, yaliyokuja kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi, yakiwa yamejaa makanda ya tende wakati wa kuja na boriti za mikoko wakati wa kurudi. Hata katikati ya karne ya 20 majahazi hayo yalikuwa bado yakionekana Mombasa, Lamu na Unguja. Arusha ilipata reli mwaka 1929, na bidhaa za pwani zikapanda mlima kwa wepesi zaidi kuliko zilipobebwa vichwani na misafara iliyotoka Pangani. Leo Misri ndiyo iongozayo duniani kwa wingi wa tende, na zinazofika Afrika Mashariki zatoka katika nchi nyingi za Waarabu na Iran.

Lakini nchi ya Meru haikukosa kabisa jamaa wa mtende. Katika misitu ya Ngurdoto, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha iliyoanzishwa mwaka 1960, waota mkindu, ambao ni ndugu wa mtende. Matunda yake ni madogo na nyama yake haba, lakini majani yake twayajua sote: ndiyo ukindu usukwao mikeka na misala. Basi Mwislamu afuturuye kwa tende juu ya mkeka wa ukindu amekusanya ndugu wawili mahali pamoja.

Jikoni kwa shangazi

Asubuhi ya pili tulipanda daladala tukarudi Maji ya Chai. Shangazi alitupokea mlangoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, wanangu. Hamjambo huko Tanga? Na kaka yangu hajambo?"

Alipoona mfuko wa tende alifurahi sana, akasema, "Mmeniletea sukari wakati hakuna sukari." Tulidhani ni maneno ya uchangamfu tu, kumbe alikuwa na maana yake. Shangazi alizaliwa Pangani, na utotoni mwake jirani yao alikuwa bibi mmoja wa asili ya Oman. Kwa bibi huyo alijifunza kupika asali ya tende, ambayo Waarabu huiita dibsi. Katika ngome za kale za Oman vilikuwamo vyumba maalumu vya kuwekea tende: makanda yalirundikwa moja juu ya jingine juu ya sakafu yenye mifereji midogo, na uzito wake wenyewe ukaikamua asali, ikatiririka polepole mpaka mtungini. Hapakuwa na moto wala maji. Lakini hayo yahitaji tende nyingi mno na joto kali. Mwenye kilo moja katika nchi ya baridi hana budi kutumia sufuria.

Njia ya shangazi ni hii. Huchukua kilo moja ya tende, akazipasua moja moja na kutoa kokwa, akitazama ndani yake, maana tende nzima kwa nje yaweza kuwa na mdudu ndani. Huziosha, akazilowesha katika lita mbili za maji ya moto kwa muda wa saa moja. Kisha huzichemsha kwa moto mdogo, akiziponda kwa mwiko, mpaka zivurugike kabisa. Huzichuja kwa kitambaa safi cheupe, akikikamua kwa nguvu kama akamuavyo tui. Yale maji ya hudhurungi yatokayo huyarudisha jikoni katika sufuria pana isiyofunikwa, na huyaacha yachemke polepole, huku akikoroga hasa mwishoni, kwani sukari ya tende huungua upesi. Yakishuka mpaka kiasi cha nusu lita, na mwiko ukainuliwa nayo yakashuka kwa uzi mmoja mzito, huepua. Ikipoa huwa nzito zaidi. Hutiwa katika chupa ya kioo iliyochemshwa na kukaushwa. Makapi hayatupwi: sehemu hukandwa katika unga wa mkate, na sehemu hupewa mbuzi. Kokwa nazo huweza kukaangwa na kusagwa, zikatoa kinywaji cheusi mfano wa kahawa.

Jambo moja lilimsumbua alipohamia huku. Pwani maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Katika kimo cha Arusha huchemka kwenye nyuzijoto kama 95 tu. Mapovu ni yale yale, lakini moto uliomo ni mdogo zaidi, na kwa hiyo tende huchukua muda mrefu kulainika. Wageni wengi wa milimani hulaumu maharage, kumbe ni hewa.

Tulimsifu shangazi, naye akaweka sufuria mezani, akamwita mjukuu wake wa kike alete maji.

Neno la binti

Binti huyu ana miaka 16, naye husoma sekondari. Tangu tulipofika tulikuwa tumeona kwamba kila alipocheka aliinua ncha ya mtandio akafunika kinywa. Tulidhani ni haya za wasichana. Alipoleta ndoo hakuondoka. Akasimama, akatazama chini, akasema:

"Bibi, naomba ruhusa niseme. Maji haya yasipikiwe asali ya Faraji."

Faraji ni jina tulilompa hapa mdogo wake wa miaka minne, ambaye ndiye aliyekuwa akipikiwa asali ile, ili asizoee sukari ya dukani. Shangazi alikunja uso. "Maji haya yana nini? Ni ya bomba, ni masafi, na nitayachemsha."

Binti akajibu kwa adabu kwamba kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Floraidi ni madini yatokayo katika miamba na majivu ya mlima wa moto; maji ya chemchemi na visima hupita humo yakayabeba. Hayana rangi, wala harufu, wala ladha. Kidogo chake husaidia meno, lakini kikizidi kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani yangali yakiumbika ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hadi kiasi cha miaka minane, meno hayo huota yakiwa na madoa, na mara nyingine hudhurungi na yenye kumeguka. Yakizidi mno kwa miaka mingi huingia hata katika mifupa na viungo. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Katika vijiji vingi vinavyouzunguka Mlima Meru kumekuwako maji yenye mara kadhaa ya kiwango hicho, na katika maziwa ya Momella, ambayo hayanywewi na watu, hufika mamia ya miligramu.

Kisha akafanya hesabu mbele yetu. "Tuseme maji haya yana miligramu 4 kwa lita. Katika lita mbili mna miligramu 8. Mvuke ukipanda hauzichukui. Bibi akichemsha mpaka ibaki nusu lita, zile 8 karibu zote zimo humo. Basi asali itakuwa na kiasi cha miligramu 16 kwa lita, na hiyo ni zaidi ya mara kumi ya kiwango."

Tulinyamaza. Haikuwa imetupitikia kamwe kwamba moto ule ule uzidishao utamu huzidisha na hicho kingine. Hata hivyo binti hakutia chumvi. Alisema wazi kwamba kijiko kimoja cha asali hakimdhuru mtu. Ndani yake mna robo ya miligramu tu. Lakini mtoto hali kijiko kimoja. Hunywa maji yale yale, hunywa uji uliopikwa kwa maji yale yale, hula makande yaliyolainishwa kwa magadi, na magadi ya sehemu hizi nayo huwa na floraidi. Kisha huongezewa asali kila siku, kwa kuwa ndiyo dawa ya kumwepusha na sukari. Vidogo vingi hufanya kikubwa.

Shangazi alikuwa amekwisha kasirika. "Maji haya nimeyanywa zaidi ya miaka 40," akasema, "na meno yangu haya hapa." Akayaonyesha, na kwa hakika ni meupe, mazuri kwa umri wake.

Binti akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, wewe meno yako yaliota Pangani."

Hakusema zaidi. Aliushusha mtandio, na kwa mara ya kwanza tukayaona meno yake, yaliyokuwa na mabaka ya hudhurungi kama kwamba yamepakwa chai. Yeye alizaliwa hapa. Baba yake alizaliwa hapa, na meno yake ni hayo hayo. Shangazi alimtazama mjukuu wake kwa kitambo, kisha akakaa kitini bila neno. Alipozungumza tena alisema, "Na mimi nimekuwa nikikwambia upige mswaki vizuri."

Ndugu wasomaji, neno hilo lilituchoma sisi sote. Ni watoto wangapi wa nchi ile waliogombezwa kwa uchafu ambao haukuwa uchafu, na wangapi waliosugua meno kwa mkaa na mchanga mpaka ufizi ukatoka damu! Madoa yale hayatoki kwa kusugua, kwa kuwa hayako juu ya jino, bali yamo ndani ya umbile lake.

Maji ya kanzu na maji ya mtoto

Palikuwa na tangi la maji ya mvua nyuma ya nyumba. Maji ya mvua hayakupita katika mwamba, kwa hiyo floraidi yake ni kidogo sana. Tulipouliza hutumika kwa kazi gani, tuliambiwa ni ya kufulia kanzu na nguo za Ijumaa, kwa sababu ni laini na hutoa povu jingi kwa sabuni kidogo. Basi kwa miaka yote nguo zilipewa maji yaliyo bora, na mtoto akapewa yaliyosalia. Wala hatumlaumu mtu. Nani angewaza hivyo, ilhali maji ya bomba hung'aa na maji ya tangi hunuka bati?

Masika ilikuwa haijaanza, na tangini hamkuwa na zaidi ya ndoo chache. Shangazi alisimama, akatoa hukumu kama kadhi: tangu siku ile maji ya mvua ni ya Faraji kwanza, ya kunywa na ya uji, kanzu zitafuliwa kwa maji ya bomba. Na kwa kuwa hayatoshi kuchemsha lita mbili zikapotea kwa mvuke, asali haitapikwa siku ile. Itapondwa.

Njia hiyo ya pili tuliipenda hata kuliko ya kwanza. Nusu kilo ya tende, zikiisha kutolewa kokwa na kuoshwa, ziliroweshwa katika kikombe kimoja tu cha maji ya mvua yaliyochemshwa na kuachwa mpaka vuguvugu. Baada ya saa moja zilitiwa katika kinu kidogo kisafi, zikatwangwa pamoja na yale maji mpaka zikawa laini kama siagi. Mwenye mashine ya kusagia ya umeme huzimaliza kwa dakika chache. Hakuna kilichochujwa, kwa hiyo nyuzinyuzi za tunda, ambazo husaidia tumbo, zilibaki zote. Kijiko kimoja kilikorogwa katika uji wa Faraji, naye akaumaliza akalamba bakuli. Rojo hili halidumu kama asali iliyochemshwa: penye friji hukaa wiki moja au zaidi kidogo, na pasipo friji yafaa kutengeneza kidogo kidogo cha siku moja au mbili.

Yapasa tuseme pia lililo kweli juu ya utamu wenyewe. Tende kavu ni sukari kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na asali yake ni sukari kwa kiasi kikubwa zaidi. Tunda hili lina madini na nyuzinyuzi ambazo sukari nyeupe haina, na kwa hiyo ni bora kuliko sukari, lakini halikuacha kuwa tamu. Mwenye maradhi ya kisukari asidanganywe na jina la asili. Na ashauriane na daktari wake kabla ya kuigeuza tende kuwa chakula cha kila siku. Na mtoto asukutue baada ya kula, kwani utamu wowote ukiganda menoni huyaozesha.

Kati ya riziki njema na chachu

Siku ile lilibaki jambo moja jingine. Tulipotaka kuweka mabaki ya maji ya tende katika kibuyu kilichotundikwa ukutani, shangazi alitukataza kwa haraka. Nchi ya Meru, kama ilivyo ya Wachaga, ni nchi ya ndizi mbivu, na watu wengi huko hujua kuzichachusha pamoja na ulezi zikawa mbege. Kibuyu kilichowahi kuhifadhi chachu huishika katika kuta zake. Ukitia humo maji matamu jioni, baada ya siku chache hutoa povu, na kinywaji cha watoto kimekuwa kitu kingine. Alitusimulia kwamba lilimpata hilo mwenyewe katika mwaka wake wa kwanza wa ndoa, akamwaga vyote bondeni huku akilia kwa hasara.

Wanavyuoni wetu walilijua jambo hili zamani sana. Katika Sura An-Nahl, aya ya 67, Mwenyezi Mungu ametaja kwamba katika matunda ya mitende na mizabibu watu hupata kileo, na hupata pia riziki njema. Tunda ni moja, na njia mbili zatoka humo. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas r.a., kwamba Mtume s.a.w. alikuwa akiroweshewa zabibu katika maji, akayanywa siku ile na zinazofuata, lakini jioni ya siku ya tatu yaliyobaki hayakunywewa tena naye. Na ujumbe wa kabila la Abdul Qays, waliotoka katika nchi ya mitende, walikatazwa kurowesha tende katika vibuyu, kwa kuwa chombo hicho huficha kuchacha kwake. Baadaye ruhusa ya vyombo ilitolewa, na makatazo yakabaki kwa chenyewe kileweshacho. Basi mwenye kutengeneza asali ya tende nyumbani na ashike kanuni hii: chombo cha kioo, kifuniko safi, siku chache, na pakionekana povu au harufu ya chachu, na amwage bila kusikitika.

Tulipokuwa tukila chakula cha jioni, mume wa shangazi, ambaye alikuwa mwalimu, alisema neno ambalo ndilo tulilorudi nalo Tanga. Alisema kwamba katika Sura Al-Baqara, aya ya 168, watu wameamrishwa kula vilivyo halali na vizuri, na sisi huuliza sana juu ya neno la kwanza na kidogo sana juu ya la pili. Tende ni halali. Maji ni halali. Sufuria ni halali. Lakini uzuri wake hautimii mpaka ujue maji yalipita wapi na yalikaa muda gani.

Nasaha yetu

Wasomaji wetu wa Arusha, Arumeru na Hai, na hata wa Singida, Shinyanga, na wa Nakuru huko Kenya, ambako madini hayo hayo hupatikana majini, tunawaomba wayaangalie maji ya jikoni kwao. Ulizeni mamlaka ya maji ya mahali penu kiasi cha floraidi; swali hilo ni haki ya kila mnywaji. Katika Ngurdoto kiko kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko upande wa Tengeru, Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji ambalo mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza. Kuchemsha peke yake hakutoshi, wala dawa ya klorini, wala kuchuja kwa kitambaa. Lakini bati na tangi lenye kifuniko viko katika uwezo wa nyumba nyingi, na pasipo uwezo wa mmoja, jamaa na majirani waweza kuchangiana.

Usiku ule, kabla hatujalala, mvua ilianza. Ilipiga bati kwa kishindo, na Faraji akaamka akishangilia. Tulitaka kukimbia kufungua mfereji wa tangi, lakini shangazi alituzuia. "Iacheni hii ya kwanza ioshe vumbi na mavi ya ndege," akasema. "Ya pili ndiyo yetu." Baada ya muda alitoka mwenyewe na taa, akiwa amejitanda khanga kichwani, akaugeuza mfereji kuelekea tangini. Binti alikuwa amesimama mlangoni akimtazama. Alicheka, wala hakuinua mtandio.

Tende zilizosalia tuliziacha palepale, zipikwe asali siku tangi litakapojaa. Mwenyezi Mungu atujaalie sote riziki iliyo halali na nzuri, na awalinde watoto wetu. Amin.